Msumari Unaokufa Kiunoni

Jahazi lilikuwa limepandishwa pwani wakati wa bamvua, likaegemezwa kwenye magogo, na ubao mmoja wa ubavuni, chini kabisa ya usawa wa maji, ulikuwa ukitolewa ili utiwe mwingine. Fundi aliugonga msumari kutoka ndani, akakibana kichwa chake kwa koleo, akavuta. Ukatoka nusu. Kichwa kilikuwa kizima, kipana kama sarafu, kimevaa kutu ya juujuu tu. Nusu ya pili ilibaki ndani ya taruma, ule mti wa mbavu za ndani ya chombo, na ilipotolewa baadaye kwa taabu, ncha yake nayo ilikuwa nzima, nyeusi, bado inang'aa mafuta. Palipokatika ni katikati, pale ubao unapokutana na taruma. Chuma kilichoanza na unene wa kidole cha mwisho kilikuwa kimebaki na wembamba wa njiti ya kiberiti.

"Umekufa kiunoni huu, mwalimu," fundi akaniambia. "Misumari yetu yote hufa kiunoni."

Nimefundisha kemia kwa miaka mingi, na sentensi hiyo fupi ilinirudisha kwenye swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha nne walikuwa wakilijibu kila mwaka bila kulielewa. Swali ni hili: kwa nini chuma kikichomwa katika gesi ya klorini kinatoa kloridi ya chuma ya aina moja, na kikitiwa katika asidi hidrokloriki kinatoa kloridi ya aina nyingine? Walilikariri kwa Kiingereza, wakalijibu kwa Kiingereza, wakapata alama zao, wakaondoka. Sikuwahi kuwaambia kwamba jibu lake limo ndani ya kila chombo kinachoundwa kwa misumari katika pwani hii, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa nimeliona. Nililiona Jibondo.

Jibondo ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kusini mwa kisiwa kikuu cha Mafia, jirani na Juani na Chole. Ardhi yake haifai sana kwa kilimo, na maji baridi ni shida: watu hutegemea mvua waliyoihifadhi na maji yanayovushwa kwa vyombo. Lakini kwa uundaji wa vyombo, mafundi wa Jibondo wanajulikana pwani nzima. Majahazi na mashua zao huundwa kwa macho na mkono, bila mchoro wa karatasi, kwa tezo, msumeno, patasi na keke. Mtu anayeunda chombo namna hiyo anakijua chuma kuliko wengi waliokisoma darasani, ingawa hakiiti kwa majina yetu.

Nianze na maabara, kisha nirudi pwani.

Chukua stili wuli, ile ya kusugulia sufuria, uipashe moto mpaka iwe nyekundu, kisha uishushe ndani ya chupa yenye gesi ya klorini. Hili lifanywe na mwalimu tu, ndani ya kabati la kutolea moshi, kwa maana klorini ni gesi inayounguza mapafu. Chuma kinawaka. Moshi mzito wa rangi ya kahawia unajaza chupa na kuganda pembeni kama vumbi la rangi ya kahawia iliyokolea. Hiyo ni FeCl₃, kloridi ya chuma tatu. Vumbi hilo linapenda maji kupita kiasi: ukiliacha wazi kwenye hewa ya pwani, kwa muda mfupi linalowa na kuwa tope la manjano.

Sasa chukua msumari safi uutie katika asidi hidrokloriki iliyopunguzwa kwa maji. Hakuna moto wala moshi. Viputo vidogo vya hidrojeni vinapanda, na maji yanaanza kupata rangi ya kijani iliyopauka sana. Hiyo ni FeCl₂, kloridi ya chuma mbili. Ukiamua kutumia gesi kavu ya hidrojeni kloridi juu ya chuma cha moto badala ya asidi ya majimaji, unapata kilekile: chuma mbili, na hidrojeni inatoka.

Hizo mbili na tatu ni hesabu ya elektroni ambazo kila atomu ya chuma imenyang'anywa. Mmenyuko wa kwanza umechukua tatu, wa pili umechukua mbili. Vitabu vingi vya shule vinaishia kusema kwamba klorini ni "kioksidishaji chenye nguvu", na mwanafunzi anaandika hivyo. Ni kweli, lakini ni kama kusema mtu ameshinda mbio kwa sababu ana kasi. Tunataka kujua kasi ngapi, na mwenzake kasi ngapi.

Wanakemia wameipima nguvu hii ya kunyang'anya elektroni kwa volti, na tunaweza kuipanga kama vidato vya ngazi. Hidrojeni ya asidi imewekwa kwenye sifuri, ndipo tunapoanzia kuhesabu. Chuma kinachoachia elektroni zake mbili za mwanzo kipo chini ya sifuri, kwenye −0.44. Chuma kilichokwisha kuzitoa hizo mbili, kikitakiwa kuitoa ya tatu, kipo juu, kwenye +0.77. Klorini ipo juu zaidi ya wote, kwenye +1.36. Sheria ya ngazi ni moja: mnyang'anyi humnyang'anya aliye chini yake. Hidrojeni ya asidi, ikiwa kwenye sifuri, inazifikia elektroni mbili za mwanzo, lakini ya tatu iko juu ya kichwa chake. Haiifikii kamwe, hata ukimimina asidi pipa zima. Klorini iko juu ya zote, kwa hiyo inachukua mbili kisha inachukua ya tatu bila kusita. Zaidi ya hapo, chuma tatu ikizaliwa karibu na chuma kilicho uchi, chuma hicho huitilia elektroni na kuirudisha kuwa chuma mbili. Ndiyo maana ndani ya chombo chenye msumari na asidi, maji hubaki ya kijani muda wote msumari haujaisha.

Kuna jambo jingine kuhusu klorini ambalo huwashangaza wanafunzi wazuri. Klorini inayounguza stili wuli ndiyo hiyohiyo inayosafirishwa duniani kote ndani ya mitungi ya chuma, kwenda kwenye mitambo ya kusafisha maji ya miji. Mbona haili mtungi? Kwa sababu ni kavu na haina joto. Klorini kavu kabisa, katika joto la kawaida, inaacha utando mwembamba wa kloridi juu ya chuma na utando huo unakilinda. Hatari huanza joto likipanda. Wahandisi hawaruhusu chuma cha kawaida chenye klorini kuvuka nyuzi 120 hivi, na inapokaribia 250 chuma chenyewe kinaweza kushika moto. Hatari nyingine ni maji. Unyevu kidogo ukiingia, klorini inajigawa ndani yake kuwa asidi hidrokloriki na asidi hipoklorasi, na hapo mtungi unaliwa kwa haraka. Shika neno hili: maji ndiyo yanayoigeuza hali. Tutalihitaji pwani.

Bahari haina gesi ya klorini wala haina asidi. Maji ya bahari yana chumvi, takriban gramu 35 kwa kila kilo moja, na karibu gramu 19 kati ya hizo ni kloridi. Lakini kloridi si klorini. Kloridi imekwisha kupata elektroni yake, imeshiba, haina haja ya kumnyang'anya mtu. Na maji ya bahari yenyewe si makali. Kipimo chake cha pH ni kama 8.1, yaani yameelekea upande wa alkali kidogo, upande wa sabuni na chokaa. Ukiuliza darasani kinachokula msumari wa jahazi utaambiwa "chumvi". Basi chumvi iliyoshiba, ndani ya maji yasiyo na asidi, inakulaje chuma kiunoni na kukiacha kizima kichwani na nchani?

Hapa ndipo msumari wa Jibondo unapofundisha kuliko kitabu.

Tundu la msumari ni sehemu nyembamba na ya giza. Maji ya bahari yanapenya polepole kupitia mshono wa mbao mpaka kwenye kiuno cha msumari, kisha yanakaa humo. Oksijeni iliyokuja nayo inaisha mapema na nyingine haiingii kwa urahisi. Kichwani, kwa upande wa nje, hali ni tofauti: maji yanapita, oksijeni ni tele. Msumari mmoja sasa umegawanyika kazi. Kiunoni, atomu za chuma zinaachia elektroni mbili mbili na kuzama majini. Elektroni hizo zinapita ndani ya msumari wenyewe kama umeme kwenye waya, zinafika kichwani, na huko zinapokewa na oksijeni na maji, ambavyo vinatoa alkali. Kichwa kinapokea tu, hakitoi kitu. Kwa hiyo kichwa kinapona kwa gharama ya kiuno. Ncha nayo, iliyozama ndani ya mbao ngumu zilizonyweshwa mafuta, haifikiwi na maji ya kutosha.

Ndani ya tundu, chuma mbili inazidi kurundikana, na kila chembe yake ina chaji chanya. Chaji haiwezi kukaa upande mmoja bila kusawazishwa. Lazima chembe hasi ziingie. Iliyo nyingi baharini, ndogo na nyepesi kutembea, ni kloridi. Inavutwa ndani. Tundu linajaa FeCl₂, ile kloridi ya kijani ya maabara, bila mtu yeyote kumimina asidi.

Kisha inakuja hatua ambayo mwenyewe niliisoma miaka mingi bila kuiona. Chuma mbili majini haikai kimya: inayakamata maji, inabaki na sehemu yake ya hidroksili, na kuiachilia hidrojeni yenye chaji. Hidrojeni yenye chaji pamoja na kloridi, ndani ya maji, ni nini? Ni asidi hidrokloriki. Ndani ya tundu la msumari pH inashuka kutoka 8 ya bahari mpaka 4, na mara nyingine chini ya hapo. Bahari imeiunda asidi ya maabara ndani ya msumari, kwa kutumia chuma chenyewe. Asidi hiyo inakula chuma na kutoa FeCl₂ nyingine, na FeCl₂ inatoa asidi nyingine.

Sehemu ya maji hayo hujipenyeza kuelekea nje, na inapokutana na oksijeni, elektroni ya tatu inachukuliwa. Oksijeni ya hewani, ikisaidiwa na maji, inaifanya ile kazi ambayo asidi ilishindwa kuifanya. Chuma tatu haiwezi kukaa majini kama chuma mbili. Inaganda na kuwa kutu, kahawia, nyekundu, manjano. Na kutu inapoganda, kloridi iliyokuwa imeishikilia inaachwa huru pamoja na hidrojeni yenye chaji: asidi tena, tayari kwa zamu nyingine. Kloridi haipungui katika kazi hii. Chembe moja inaweza kuusindikiza msumari mzima kaburini na bado ikabaki na nguvu zake. Kidogo tu hunaswa ndani ya kutu ya aina inayoitwa akaganeiti, na hata hiyo ni akiba, kwani huitoa baadaye.

Nilipokuwa pwani siku ile niliomba nipewe ile nusu yenye kichwa. Niliiweka juu ya kisahani usiku kucha, hewa ikiwa na unyevu wa kaskazi. Asubuhi, kwenye kovu la mkatiko palikuwa na matone madogo ya rangi ya chai ya rangi, yamesimama kama jasho kwenye paji la uso. Nilikuwa na karatasi za litmasi za bluu ndani ya mkoba. Nikagusisha moja. Ikawa nyekundu palepale. Fundi alikuwa amechuchumaa pembeni yangu. Akaitazama ile karatasi, akaugusa ubao wa zamani pale tundu lilipokuwa. Mbao kuzunguka tundu zilikuwa nyeusi kama masizi na laini, unazichimba kwa ukucha. Akasema, "Ndiyo maana na mbao zinakufa."

Alikuwa amesema kweli yote. Asidi ile inazikata nyuzi za mbao, na chembe za chuma zinaharakisha kuoza kwake. Weusi ni tanini ya mti ikiungana na chuma. Kila mama aliyechemsha chai kwa maji ya kisima chenye chuma anaufahamu weusi huo, chai inageuka kama wino. Kichwani mwa msumari, alkali nayo inalainisha mbao kwa njia yake. Kwa hiyo tundu linapanuka, msumari unalegea, maji yanaingia zaidi. Na kutu, ambayo huchukua nafasi mara mbili mpaka sita ya chuma kilichoizaa, inapasua mbao kutoka ndani.

Sasa nitazame kazi ya mafundi, kwa kuwa hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Kabla ya kupiga msumari, fundi anatoboa tundu kwa keke. Tundu lisiwe pana; msumari ujaze. Chini ya kichwa anazungusha uzi wa pamba uliolowekwa sifa, yale mafuta ya papa au samaki wengine. Mishono yote inatiwa kalafati, pamba na mafuta, ikashindiliwa. Mwisho, sehemu ya chini ya chombo inapakwa deheni, yaani chokaa iliyokandwa na mafuta ya mnyama. Ukimuuliza kwa nini, atasema maji yasiingie, na wadudu watobozi wasile mbao. Mwanakemia akitazama anaona zaidi. Tundu lililojaa halina nafasi ya maji kukaa. Mafuta yanazuia kloridi isifike kiunoni. Na chokaa ni alkali: inazimua asidi, na ndani ya alkali chuma huvaa utando mwembamba wa oksidi unaokituliza. Chokaa ikikutana na mafuta huzaa aina ya sabuni isiyoyeyuka majini, ambayo inasukuma maji nyuma. Sioni sababu ya kuiita kazi hii desturi tu. Ni uhandisi wa kuzuia kutu, uliofikiwa kwa kupoteza vyombo na kujifunza. Niongeze neno moja tu: chokaa inunuliwe ya mawe ya nchi kavu, matumbawe hai yaachwe baharini.

Wazee wa pwani walikuwa na jibu jingine, la kutotumia chuma kabisa. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Erithrea, kinataja vyombo vya kushonwa katika kisiwa cha Menouthias na mji wa Rhapta katika pwani hii. Wako wataalamu wanaoamini Menouthias ni Mafia, wengine wanasema Pemba au Unguja. Mtepe wa Lamu na Pate uliendelea na utaratibu huo mpaka mapema karne ya 20: mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi na kushikwa kwa vigingi vya mti. Mabaharia wa zama za kati walisimuliana kwamba kuna mlima wa sumaku baharini unaong'oa misumari ya meli, ndiyo sababu watu wakashona. Si kwamba chuma kilikosekana, kwani mwanajiografia al-Idrisi katika karne ya 12 aliandika kwamba watu wa Malindi walikichimba na kukiuza. Kwangu mimi hadithi ya sumaku ina chembe ya ukweli iliyovikwa nguo nyingine: upo kweli ufundi wa bahari unaoitoa roho misumari ya meli, ila unafanya kazi ndani ya tundu, kimya, miaka kadhaa.

Anayetaka kuona uvumilivu wa kloridi aende Mombasa. Mwezi wa Oktoba 1697 merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama chini ya Fort Jesus, wakati ngome imezingirwa na Waomani. Kati ya 1977 na 1980 wazamiaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa kigeni waliichimbua chini ya maji, na vitu vilivyotolewa vilihitaji kuhifadhiwa kitaalamu. Chuma kilichokaa baharini miaka karibu 300 huonekana kigumu kinapotoka. Kikiachwa kikauke hewani bila tiba, ile kloridi iliyolala ndani yake inaamka: kinatoka jasho lilelile la rangi ya chai, kinapasuka, kinabanduka tabaka kwa tabaka. Tiba inayotumiwa na wahifadhi duniani ni kukiloweka katika alkali, kwa kawaida sodiamu hidroksidi, miezi au hata miaka, huku wakipima kloridi inayotoka na kubadilisha maji. Nyambizi ya Marekani Hunley, iliyozama 1864 na kuinuliwa 2000, ilianza kulowekwa hivyo mwaka 2014. Chokaa ya deheni na dawa ya maabara ile ni ndugu wa ukoo mmoja.

Ndugu mwingine ni saruji. Nondo ndani ya zege zinalindwa na alkali ya saruji, yenye pH ya 12 hadi 13. Anayejenga nyumba au tangi la maji kwa mchanga wa baharini ambao haukuoshwa anaitia kloridi mwenyewe pembeni ya nondo. Viwango vingi vya ujenzi haviruhusu kloridi ivuke asilimia 0.4 ya uzito wa saruji katika zege lenye nondo. Mipasuko yenye mistari ya kahawia kwenye nguzo za nyumba za pwani ni kiuno cha msumari kilekile, kwa umbo kubwa.

Nimesema maji ni shida Jibondo, na hapa klorini yenyewe inarudi. Maji ya kunywa yaliyohifadhiwa au kuvushwa yanapaswa kutiwa dawa, na dawa ya kawaida Tanzania ni ya klorini, kama WaterGuard. Watu hulalamika kwamba maji yaliyokuwa meupe yamegeuka rangi ya kutu baada ya kutiwa dawa, wakidhani dawa ni mbovu. Dawa ni nzima. Maji yale yalikuwa na chuma mbili iliyoyeyuka, ambayo haionekani kwa macho, iliyotoka kisimani au kwenye pipa la chuma. Klorini imeichukua elektroni ya tatu, chuma tatu imeganda, rangi ikatokea. Ni jaribio la stili wuli ndani ya ndoo. Tatizo halisi ni kwamba klorini imetumika kwa chuma badala ya vijidudu: kila miligramu 1 ya chuma mbili inameza takriban miligramu 0.64 za klorini, na Shirika la Afya Duniani linataka baada ya nusu saa ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita. Kwa hiyo tumia ndoo ya plastiki. Maji yenye chuma yaache wazi yatue, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa na kusubiri nusu saa. Na dawa ya klorini, au jiki ya kufulia, isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha.

Kwa mafundi na wenye vyombo nina maneno machache. Misumari iliyofuliwa kwa nondo isikae pwani ikinyeshewa na povu la bahari kabla ya kupigwa. Chumvi inayoingia nayo tunduni haitatoka tena. Mhunzi akiizimisha ya moto ndani ya mafuta, inavaa ngozi nyeusi inayosaidia. Kwa misumari ya zinki, tofautisheni iliyochovywa katika zinki ya moto na iliyopakwa kwa umeme: ya kwanza huwa na zinki ya maikroni 40 na zaidi, ya pili mara nyingi 5 hadi 12, nayo inakwisha mapema. Zinki inajitoa yenyewe kabla ya chuma, kwa hiyo unene wake ndio umri wake. Skrubu za shaba nyeupe au za shaba nyekundu zisiwekwe jirani na msumari wa chuma katika mbao zenye maji, kwani chuma ndicho kitakacholipa. Hata chuma kisichoshika kutu, kile cha dukani kinachong'aa, kinaishi kwa oksijeni. Kikikosa oksijeni ndani ya tundu lenye kloridi, kinatobolewa vibaya na kwa siri.

Kwa walimu wa kemia wa Mafia, Kilwa, Lindi, Tanga, Unguja na Pemba, ombi langu ni moja. Kabla ya kufungua sura ya kloridi za chuma, nendeni kwenye jahazi linalotengenezwa, muombe msumari mmoja uliokufa kiunoni. Uwekeni juu ya kisahani kwenye hewa ya unyevu usiku mmoja, mkausubiri utoe jasho. Kisha mpeni mwanafunzi karatasi ya litmasi ya bluu, agusishe mwenyewe.